Dume amepanda nani? Kifaa cha elektroniki, na rangi ya mawese

Kondoo jike akiwa na joto, haonyeshi sana. Hapigi kelele sawa mbuzi. Joto lake linadumu siku moja, au moja na nusu, na lisiposhika mimba linarudi kisha siku 17 hivi. Ndiyo maana wanachama wengi wa koperative hawajui jike gani ana mimba. Wengine wanampeleka soko la Ariwara kumbe amebeba, na bei inakuwa ya jike mtupu.

Katika nchi zingine kazi hii inafanywa na kihisi, kile Wafaransa wanaita capteur. Kiko cha namna mbili. Cha kwanza kinahisi mwendo, sawa kile ndani ya telefone kinachogeuza picha ukiilaza. Dume anakivaa, akiinuka juu ya jike, kifaa kinaandika saa. Cha pili kinasoma hereni ya elektroniki yenye namba katika sikio la jike, na kinaandika ni nani aliyepandwa. Kule Ulaya hereni hizo ni za kawaida, kwani sheria ilianza kuzidai mwaka 2010 katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya.

Lakini tuelewane: kihisi kinasema jike amepandwa, hakisemi ameshika mimba. Mimba inajulikana kisha siku 17, kwa kuangalia kama amepandwa tena. Na jambo hilo tunaweza kulijua hapa kwetu bila pile wala kompyuta.

Fanyeni hivi:

1. Changanya udongo mwekundu na mafuta ya mawese mpaka iwe nzito. Paka dume kifuani, katikati ya miguu ya mbele. Rudia kila siku mbili. Usitumie mafuta machafu ya moto, yanaunguza ngozi.

2. Dume alale na majike. Jike aliyefungwa kamba mbali hawezi kumfuata, na joto linapita bure.

3. Kila asubuhi angalia migongo. Mwenye rangi juu ya mkia, andika jina lake na tarehe katika kaye.

4. Siku ya 17, badilisha rangi: weka unga wa makala. Kwa kondoo weusi, tumia majivu meupe.

Sasa soma kaye. Jike mwenye rangi ya kwanza tu, karibu hakika amebeba. Mwenye rangi mbili, mara ya kwanza haikushika. Kama karibu wote wana rangi mbili, shaka iko kwa dume: mwiteni veterineri kabla ya kupoteza msimu. Jike asiye na rangi yoyote, pengine alikuwa na mimba tayari, ao amekonda sana.

Mimba inadumu siku 147 mpaka 150. Aliyepandwa tarehe 20 Oktoba atazaa karibu tarehe 16 Machi, mvua inaporudi na majani yanaota, mama apate maziwa. Aliyepandwa mwezi wa 8 atazaa mwezi wa 1, katikati ya kiangazi, na wana wengi wanakufa.

Jambo la mwisho: wana dume watengwe na mama zao mbele ya miezi 5. Vinginevyo watapanda mama na dada, na hakuna kaye itakayookoa kundi hilo. Koperative ikibadilishana madume kati ya vijiji, kila mtu anapata damu mpya bila kutoa franka.