Farasi Mdogo wa Kaspi

Mwaka 1965, katika mji wa Amol ulio karibu na Bahari ya Kaspi, kaskazini mwa Iran, farasi mmoja mdogo alikuwa akikokota mkokoteni. Wenyeji walikuwa wamemzoea, wala hapana aliyemstaajabia. Aliyesimama kumtazama ni bibi mzaliwa wa Marekani aliyeolewa na Mwajemi, Louise Firouz. Yeye na mumewe walikuwa na kituo cha kufundishia watoto kupanda farasi nje ya Tehran, na shida yao ilikuwa farasi wenyewe: walikuwa wakubwa mno kwa watoto.

Huyu wa Amol hakuwa mkubwa. Farasi wa Kaspi hupimwa mabegani sentimita 100 hadi 120 hivi, yaani hakuzidi sana punda tuliowazoea katika vichochoro vya Lamu. Lakini asidhani msomaji kwamba ni farasi aliyedumaa. Umbo lake ni la farasi kamili, lililopunguzwa tu: kichwa kifupi, paji pana lililotokeza kidogo, macho makubwa, masikio madogo, miguu myembamba na kwato ngumu ajabu. Huruka viunzi kwa wepesi usiotarajiwa kwa kimo chake. Na lililo jema zaidi kwa mzazi ni upole wake. Hata dume, ambaye katika farasi wengine watu wazima humkaribia kwa tahadhari, huyu hupandwa na mtoto.

Bibi Firouz alizunguka kuwatafuta wengine, akakadiria kwamba wamebaki kama 50 tu. Asili yao yasemwa kuwa ya kale mno. Muhuri wa Mfalme Dario, wenye umri wa miaka 2,500 hivi na uliohifadhiwa London, waonyesha farasi wadogo wakikokota gari la mfalme awindaye simba, na wako wanaoamini kwamba hao ndio mababu wa huyu wa mkokoteni. Mimi sioni ajabu kwamba walisahauliwa. Kitu cha kila siku mlangoni ndicho kisichotazamwa.

Kuwaokoa hakukuwa kwepesi. Baada ya mapinduzi ya 1979, Bibi Firouz aliwahi kutiwa gerezani, na farasi aliowakusanya kwa taabu wakauzwa mnadani. Bahati njema, baadhi yao walikwisha kupelekwa Uingereza miaka ya 1970, wakazaana huko. Naye hakuihama Iran. Alianza kukusanya upya, akaishi na farasi wake hadi alipofariki mwaka 2008.