KIFUKO CHA KETE CHENYE JINA LA MWENYEWE

Mchezo wa bao hauna vyombo vingi. Pana ubao wenye mashimo 32 na pana kete 64, basi. Ubao ni mzito, haupotei. Kete ndizo zipoteazo, na ikipotea moja tu mchezo wote umeharibika, maana katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 32: ubaoni huweka 10, yaani 6 katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kando yake, na 22 hubaki mkononi za kunamulia.

Hapa bwenini kwetu kete zilikuwa zikikaa katika kopo la maziwa. Kopo lile halikuwa la mtu, kwa hiyo hakuna aliyelitunza. Muhula uliopita kete zilibaki 58, nasi tukajaza pengo kwa kokoto. Kokoto zikaleta fitina. Wenzangu wawili, waliokuwa wakila pamoja tangu kidato cha kwanza, hawakusemezana siku nane kwa ajili ya kokoto moja, huyu akisema imehesabiwa, yule akisema haikuhesabiwa. Tena kete zilizobingirika chini ya vitanda zilimwangusha mtu usiku, tukaambiwa kwamba ikitokea mara ya pili ubao utafungiwa stoo. Ndipo nikaona kuwa hapana budi kila mchezaji awe na kete zake 32 na kifuko chake chenye jina lake, ili zikipungua aulizwe yeye.

Kete zetu ni komwe, mbegu za kijivu za mkomwe, kichaka cha miiba kiotacho pwani. Mwenzetu mmoja anayetoka huko alirudi na mzigo wa kututosha sote. Komwe ni ngumu sana, na zikikaa pamoja husuguana na kusukuma nguo mpaka itoboke, hasa pembeni. Kwa hiyo kitambaa chepesi hakifai peke yake. Mimi hutumia kaki ya suruali kuukuu ya shule kwa nje, nikiikata chini ya goti ambako haijachakaa, na kwa ndani kipande cha kanga. Kanga nilipewa na mama. Ilikuwa imechanika kwenye jina, naye akasema kanga isiyosomeka haiwezi kumsema mtu, nichukue.

Kata kaki upana wa sentimita 16 na urefu wa sentimita 42, kisha kanga kipimo hicho hicho. Usianze kuunganisha. Kwanza tarizi jina juu ya kaki peke yake, maana kifuko kikisha kushonwa mkono hauna nafasi ya kugeuza sindano. Vichwa vya herufi vielekee ukingo mmoja mfupi, na jina likae kama sentimita 12 kutoka ukingo huo. Andika kwa penseli, ufuate kwa uzi wa rangi. Mafundo ya uzi yabaki upande wa nyuma, nayo kanga itayaficha.

Sasa laza kanga juu ya upande huo wa nyuma, vishike vyote viwili kwa bandi, uvihesabu kuwa kitambaa kimoja. Kikunje katikati, kaki ikiangalia kaki, mkunjo uwe chini. Huo mkunjo ndio kitako, na kwa kuwa hauna mshono hauwezi kufumuka. Shona mbavu mbili, ukiacha sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, na kila hatua rudisha sindano nyuma kidogo kabla ya kusonga mbele. Mshono wa haraka haraka hufumuka kete zikianza kusukumana. Anza chini kwenda juu, lakini sentimita 6 za mwisho usizishone. Kingo za hapo zikunje ndani uzibane kwa sindano. Kisha kunja mdomo wa kila upande sentimita 3, na tena upinde ncha yake isije ikachambuka, ushone. Umepata njia mbili za kamba, mbele na nyuma.

Kabla ya kukigeuza, bana kila pembe ya chini ili mshono wa ubavu ulale juu ya mkunjo wa kitako, ushone mstari wa sentimita 4 kukata pembe ile. Kazi hii wengi huiruka, nami nadhani ndiyo iliyo bora kuliko zote: kifuko husimama chenyewe, na hakuna kete itakayojificha pembeni wakati wa kuhesabu. Geuza. Chukua kamba mbili za sentimita 50. Moja ipite njia zote mbili na kurudi ilikoanzia; ya pili ianze ubavu wa pili ifanye vivyo hivyo. Funga ncha za kila moja. Ukivuta huku na huku, mdomo hujifunga.

Wako walionicheka kwamba kushona ni kazi ya wasichana. Niliwauliza mafundi cherehani wa sokoni, waliotushonea sare hizi, ni akina nani. Hawakujibu.

Jina si lazima liwe herufi tu. Rafiki anayefikiri robo saa kabla ya kucheza nilimtarizia kobe, naye hakukasirika. Mwingine, asiyeiacha nyumba yake ivunjwe mpaka mwisho, ana kibanda chenye mlango. Wa tatu macho yake ni hafifu usiku. Yeye nilimfungia mafundo matatu kwenye kamba, akitia mkono kabatini akijue kifuko chake kwa kupapasa. Wale wawili waliogombana niliwapa vifuko vya kanga moja. Sikuwaambia neno. Waligundua wenyewe walipovifungua, nao sasa hucheza kila Jumapili, ingawa bado kila mmoja humhesabia mwenzake kete mbele yake.

Mwezi wa Novemba tutafanya mtihani wa taifa, kisha mmoja ataelekea Kigoma, mwingine Mara, nasi wengine tutabaki pwani. Ubao ni wa shule, lakini kete ni zetu. Kaki iliyobaki yatosha vifuko viwili. Anayetaka kujifunza aje bweni letu Jumamosi baada ya usafi, na sindano aje nayo.