Kibiongo si laana wala si adhabu ya mizigo: Mgonjwa akiwahi hutibika

TABORA ni mji uliojengwa kwa migongo ya watu. Katika karne ya 19 wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walisafirisha pembe za ndovu, nguo na shanga katika njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Kila mpagazi alibeba takriban kilo 30 begani au kichwani, kwa safari ya miezi kadhaa.

Katika mji wenye historia hiyo ni rahisi kuamini kwamba mtoto aliyepinda mgongo amepindishwa na ndoo za maji au mizigo ya kuni. Wapo pia wanaosema amerogwa, au kwamba ni laana ya ukoo. Imani hizo zina hasara moja: humfanya mzazi asubiri nyumbani wakati maradhi yanaendelea.

Kitaalamu, mizigo mizito huchosha misuli na kuleta maumivu ya mgongo, na si vyema mtoto kutwishwa kupita uwezo wake. Hata hivyo, mzigo si chanzo cha aina kuu mbili za kupinda kwa uti wa mgongo zinazowapata watoto na vijana.

Aina mbili, sababu mbili

Uti wa mgongo una pingili 33. Ukitazamwa kutoka nyuma unatakiwa kuwa umenyooka. Ukitazamwa kutoka ubavuni una mikunjo ya kawaida shingoni, kifuani na kiunoni. Ugonjwa huwapo pale mgongo unapopinda kuelekea upande, hali iitwayo skoliosisi, au unapochomoza nyuma kupita kiasi na kufanya kibiongo.

Skoliosisi huonekana zaidi katika umri wa kubalehe, wakati mwili unarefuka kwa kasi, na kwa wengi chanzo chake hakijulikani. Huwapata vijana wapatao wawili hadi watatu katika kila 100, ingawa walio wengi hupinda kidogo tu. Kwa wasichana hali hiyo huelekea kuongezeka zaidi kuliko kwa wavulana.

Mzazi anaweza kumchunguza mtoto mwenyewe. Amwambie ainame mbele huku miguu imenyooka na mikono ikining'inia, kisha amtazame kutoka nyuma. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, au bega moja likiwa juu kuliko jingine, apelekwe hospitali akapigwe picha ya eksirei.

Kifua kikuu kinapokula mifupa

Aina ya pili ndiyo inayohitaji haraka zaidi. Vimelea vya kifua kikuu huweza kutoka mapafuni kwa njia ya damu na kujipenyeza katika mifupa ya uti wa mgongo. Hushambulia sehemu ya mbele ya pingili zinazopakana. Sehemu hiyo ikiporomoka, mgongo hukunjika kuelekea mbele na nundu yenye ncha hutokeza nyuma. Tabibu Mwingereza, Percivall Pott, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779.

Hatari yake si umbo pekee. Usaha na mifupa iliyovunjika huweza kuubana uti wa mishipa ya fahamu na kumwacha mgonjwa amepooza miguu.

Dalili huanza polepole: maumivu ya mgongo yasiyokoma kwa majuma kadhaa, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Mtoto huweza kukataa kuinama, akachuchumaa ili kuokota kitu kilicho chini. Si lazima mgonjwa akohoe, na hilo ndilo linalowapoteza wengi. Miguu ikianza kulegea, au haja ikimtoka bila kujizuia, hiyo ni dharura.

Tiba ipo

Kifua kikuu cha mgongo hutibiwa kwa dawa zilezile za kifua kikuu cha mapafu, kwa miezi sita au zaidi kadiri daktari atakavyoona. Majaribio yaliyoanza miaka ya 1960 huko Korea, Hong Kong na Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, yalionyesha kuwa wagonjwa wengi hupona kwa dawa huku wakitembea, bila kulazwa kitandani kwa miezi. Upasuaji huhitajika hasa pale mishipa ya fahamu inapobanwa au mgongo unapokunjika mno.

Tanzania ina historia ya kujivunia katika tiba hii. Mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na utaratibu wake wa kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa uligeuka mfano kwa dunia. Dawa hizo hutolewa bila malipo.

Kwa skoliosisi, mpindo mdogo hufuatiliwa tu. Mpindo wa wastani kwa kijana anayeendelea kukua huzuiwa kwa mkanda mgumu unaovaliwa kwa saa nyingi kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 Marekani ulionyesha kuwa asilimia 72 ya waliovaa mkanda hawakufikia kiwango cha kuhitaji upasuaji, ikilinganishwa na asilimia 48 ya waliofuatiliwa tu. Mpindo unaozidi nyuzi 45 hadi 50 ndio hufikiriwa kufanyiwa upasuaji wa kuunyoosha kwa vyuma.

Mkazi wa Tabora anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Wanaohitaji upasuaji mkubwa wa mgongo huweza kupewa rufaa hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, yapata kilomita 840 kwa reli inayofuata kwa sehemu kubwa njia ile ya wapagazi.

Safari hiyo ni ndefu na ina gharama kwa familia nyingi, lakini mgonjwa wa kifua kikuu cha mgongo anayegunduliwa mapema mara nyingi hana haja ya kuifunga. Dawa humponya, ila nundu iliyokwisha kujijenga haiondolewi na vidonge. Kwa hiyo mzazi asingoje nundu ionekane. Maumivu ya mgongo yasiyokoma kwa mtoto yanatosha kumpeleka kwa daktari.