Pim Fortuyn na Upopulisti wa Kutetea Uhuru: Maisha na Safari ya Kisiasa, 1948–2002

1.0 Utangulizi

Katika taarifa za habari za Kiswahili, wanasiasa wa Ulaya wanaopinga uhamiaji huwekwa kwa kawaida katika kapu moja, kapu la "siasa kali za mrengo wa kulia". Jina hilo linawafaa baadhi yao. Kwa Pim Fortuyn wa Uholanzi, aliyeuawa kwa risasi tarehe 6 Mei 2002, siku tisa kabla ya uchaguzi wa bunge, jina hilo huficha mengi kuliko yale linayoyaeleza. Fortuyn alikuwa msomi wa sosholojia, mwanachama wa zamani wa Chama cha Leba, na shoga asiyeficha hali yake. Hoja yake dhidi ya Uislamu na uhamiaji haikujengwa juu ya kutukuza damu wala asili. Ilijengwa juu ya haki za wanawake na za mashoga, uhuru wa kusema, na kutenganishwa kwa dini na dola. Makala haya yanaeleza maisha na safari yake ya kisiasa kwa lengo la kubainisha namna lugha ya uhuru ilivyotumika kuwatenga watu, na kwa nini lugha hiyo ilipokelewa pale ambapo lugha ya ubaguzi wa waziwazi ilikuwa imekataliwa.

Neno upopulisti linatumika hapa kwa maana aliyoitoa Mudde (2004), yaani itikadi nyembamba inayoigawa jamii katika makundi mawili yanayokinzana: wananchi walio safi kwa upande mmoja, na tabaka la wateule waliooza kwa upande mwingine. Itikadi hiyo hudai kuwa siasa haina budi kuwa sauti ya matakwa ya wananchi. Huitwa nyembamba kwa sababu haijitoshelezi; sharti iegemee itikadi nyingine ili ipate mwili. Kwa hiyo swali la kuulizwa kuhusu Fortuyn si kama alikuwa mpopulisti, kwani hilo halina ubishi mkubwa, bali ni upopulisti wake uliegemea wapi.

2.0 Nchi ya Nguzo

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, Waholanzi waliishi ndani ya kile walichokiita nguzo. Wakatoliki, Waprotestanti na wasoshalisti walikuwa kila kundi na shule zake, magazeti yake, vyama vyake vya wafanyakazi na hata shirika lake la utangazaji. Mtu aliweza kuzaliwa, kusoma, kuoa na kuzikwa bila kutoka nje ya nguzo yake. Lijphart (1968) alionyesha kwamba utulivu wa nchi iliyogawanyika kiasi hicho ulitokana na viongozi wa nguzo kuelewana huko juu, ilhali wafuasi wao walibaki mbalimbali huku chini. Makubaliano yalifikiwa katika vikao vya ndani, kwa subira na bila makeke.

Kuanzia miaka ya 1960, watu walipoyapa makanisa kisogo, nguzo zilianza kubomoka. Tabia ya wakubwa kumaliza mambo wao kwa wao haikubomoka pamoja nazo. Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Mfumo uliokuwa na maana wakati kila kiongozi alikuwa na kundi kubwa nyuma yake ulianza kuonekana, machoni mwa wapigakura wasio na nguzo, kuwa klabu ya watu wanaofahamiana.

Sheria ya uchaguzi, kwa upande wake, iliacha mlango wazi. Bunge la Uholanzi lina viti 150, nchi nzima huhesabiwa kuwa jimbo moja, na chama hupata kiti kikifikisha takriban asilimia 0.67 ya kura. Ni vigumu kupata demokrasia nyingine ambamo mgeni huingia bungeni kwa urahisi kama huo.

Mwaka 1994 Wim Kok wa Chama cha Leba (PvdA) aliunda serikali pamoja na waliberali wa VVD na chama cha D66. Ilikuwa serikali ya kwanza tangu 1918 isiyokuwa na chama chochote cha Kikristo, nayo iliitwa ya Zambarau kwa kuwa ilichanganya rangi nyekundu ya wasoshalisti na buluu ya waliberali. Uchumi ulistawi na ukosefu wa ajira ukapungua. Hata hivyo, mahasimu wa asili, Leba na VVD, walikuwa sasa katika baraza moja la mawaziri. Mpigakura aliyekerwa na foleni za kusubiri matibabu, na shule zilizounganishwa hadi zikawa kama viwanda, au na mabadiliko ya mtaa wake, hakuwa na chama kikubwa cha upinzani cha kukimbilia isipokuwa Wakristo wa Kidemokrasia (CDA), ambao kwa miaka ile walikuwa wamedhoofika. Maelezo yanayohusisha upopulisti na umaskini peke yake hayatoshi hapa: uasi wa 2002 ulizuka katika nchi yenye neema.

3.0 Kutoka Velsen hadi Rotterdam

Wilhelmus Simon Petrus Fortuyn alizaliwa tarehe 19 Februari 1948 huko Velsen, katika jimbo la Noord-Holland, katika familia ya Kikatoliki. Alisomea sosholojia Amsterdam, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Groningen kuanzia miaka ya 1970, na huko akapata shahada ya uzamivu mwaka 1980. Wakati huo mawazo yake yalielekea kwenye Umaksi, na alikuwa mwanachama wa PvdA hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Kisha alihamia Rotterdam, akaongoza shirika lililoshughulikia kadi za usafiri za wanafunzi, na kati ya 1991 na 1995 alishikilia kiti cha uprofesa wa muda katika Chuo Kikuu cha Erasmus. Cheo hicho kilipokwisha, wafuasi wake waliendelea kumwita Profesa Pim, naye hakuwakataza.

Umaarufu wake wa kwanza ulitokana na kalamu. Aliandika safu katika jarida la Elsevier na akawa msemaji wa kulipwa katika makongamano ya wafanyabiashara. Mwaka 1997 alitoa kitabu cha kupinga alichokiita kusilimishwa kwa utamaduni wa Uholanzi, kilichouzika zaidi kilipochapishwa upya baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Alivaa suti za fahari na tai zilizofungwa kwa fundo nene, alisafiri kwa gari lenye dereva, na alionekana na vijibwa vyake viwili. Mtu wa namna hiyo kudai kuwasemea watu wa kawaida wa Rotterdam Kusini ni jambo la kushangaza, lakini fahari yake haikumdhuru. Wapigakura hawakutafuta mtu anayefanana nao. Walitafuta mtu asiyefanana na wanasiasa.

4.0 Miezi Sita

Safari yake ya kisiasa, ikihesabiwa tangu alipopewa uongozi hadi alipouawa, haikufika miezi sita. Tarehe 25 Novemba 2001 chama kipya cha Leefbaar Nederland kilimchagua kuongoza orodha yake ya wagombea. Alipanda jukwaani, akapiga saluti na kutangaza kwa Kiingereza kwamba yuko tayari kutumika. Tarehe 9 Februari 2002 gazeti la de Volkskrant lilichapisha mahojiano ambamo aliuita Uislamu utamaduni uliobaki nyuma. Alisema pia kwamba ikiwa Kifungu cha 1 cha Katiba, kinachokataza ubaguzi, kinawazuia watu kusema wanalofikiri, basi ni afadhali kiondolewe. Siku iliyofuata chama kilimfukuza. Katika siku chache alikuwa ameunda orodha yake mwenyewe, Lijst Pim Fortuyn (LPF).

Rotterdam alibaki kuwa mgombea wa chama cha mji huo, Leefbaar Rotterdam. Uchaguzi wa mabaraza ya miji ulifanyika tarehe 6 Machi, na chama hicho kilipata viti 17 kati ya 45 katika mji ambao PvdA ilikuwa chama kikubwa kuliko vyote tangu kumalizika kwa Vita vya Pili vya Dunia. Usiku huohuo viongozi wa vyama walikutana katika mjadala wa televisheni. Fortuyn alicheka na kutania. Ad Melkert wa PvdA alikaa amenuna, akijibu kwa ufupi na kumtazama mpinzani wake kwa shida. Kwa watazamaji wengi, picha ile ilikuwa na nguvu kuliko ilani yoyote: wateule waliokereka kwa sababu mtu wa nje amekaa kwenye kiti chao.

Siku nane baadaye, alipozindua The Hague kitabu chake kuhusu vifusi vya miaka minane ya Zambarau, wanaharakati walimpaka keki usoni. Kitabu hicho kiliuzika kwa wingi na ndicho kilichokuwa ilani ya LPF. Mwenye kukisoma akitarajia hotuba ya chuki atakuta kurasa nyingi kuhusu hospitali, shule, urasimu na haja ya kurudisha taasisi katika kimo cha binadamu. Kuhusu uhamiaji, Fortuyn alitaka mipaka ifungwe kwa wanaotafuta hifadhi. Wakati huohuo alikubali kwamba waliokwisha kuishi nchini kwa muda mrefu bila vibali wahalalishwe. Nafasi ya pili katika orodha yake alimpa João Varela, kijana mwenye asili ya Cape Verde.

Jioni ya Mei 6, akitoka katika mahojiano ya redio huko Hilversum, Fortuyn alipigwa risasi katika eneo la maegesho. Muuaji, mwanaharakati wa mazingira, aliieleza mahakama kwamba alimwona Fortuyn kuwa hatari kwa wanyonge wa jamii, Waislamu wakiwemo; alihukumiwa kifungo cha miaka 18 mwaka 2003 na kuachiliwa kwa masharti mwaka 2014. Kampeni zilisitishwa lakini uchaguzi haukuahirishwa, na jina la marehemu lilibaki juu ya orodha. Tarehe 15 Mei LPF ilipata kura zaidi ya milioni 1.6 na viti 26, na sehemu kubwa ya wapigakura wake waliweka alama kwenye jina la mtu aliyekwisha kufa. PvdA ilianguka kutoka viti 45 hadi 23.

5.0 Kwa Nini Fortuyn na Si Janmaat

Uzito wa kisa hiki huonekana vizuri zaidi Fortuyn akilinganishwa na Hans Janmaat, aliyekaa bungeni kati ya 1982 na 1986 na tena kati ya 1989 na 1998. Wabunge wenzake walimtenga kwa makusudi, na mahakama ilimtia hatiani kwa kutangaza kwamba chama chake kingeifuta jamii ya tamaduni nyingi mara kitakapopata uwezo. Alipoteza kiti chake mwaka 1998. Miaka minne baadaye, mtu aliyesema mambo yasiyo mbali sana na hayo alikaribia kuwa waziri mkuu.

Njia ilikuwa imesafishwa kwa sehemu na wengine. Frits Bolkestein, kiongozi wa VVD, alihoji tangu 1991 kama Uislamu unapatana na misingi ya kiliberali, na mwaka 2000 Paul Scheffer, aliyekuwa karibu na PvdA, aliandika kuhusu janga la tamaduni nyingi katika gazeti la NRC Handelsblad. Mada haikuwa tena mwiko wa wasomi. Lakini tofauti kubwa ilikuwa katika mahali pa kusimama. Janmaat alisema kwa niaba ya Uholanzi ya jana. Fortuyn alisema kwa niaba ya Uholanzi iliyozaliwa baada ya nguzo kubomoka: nchi ambayo mwaka 2001 ilikuwa ya kwanza duniani kuruhusu ndoa za jinsia moja. Kwake, Mwislamu mshika dini aliwakilisha kile ambacho Waholanzi wenyewe walikuwa wametoka kukitoroka, yaani utawala wa dini juu ya maisha ya mtu. Aliwalaumu imamu kwa lugha ambayo kizazi chake kilikuwa kimewalaumia mapadri.

Hoja hiyo ina ufa ambao haupaswi kufunikwa. Uliberali humhukumu mtu kwa matendo yake. Fortuyn aliuhukumu utamaduni mzima na kuwaacha waumini wake mmoja mmoja wajithibitishe. Kijana mwenye asili ya Moroko aliyezaliwa Rotterdam alitakiwa kujivua tuhuma ambayo jirani yake Mkalvini, mwenye mtazamo uleule kuhusu ushoga, hakutakiwa kujivua. Uhuru ukishafanywa mali ya urithi ya kundi moja, huacha kuwa kigezo cha wote na kuwa mpaka. Hivyo, mtu anaweza kukataa kumweka Fortuyn katika kundi moja na mafashisti, kama ushahidi unavyotaka, na bado akatambua kwamba siasa zake zilitenga.

6.0 Orodha Isiyo na Mwenyewe

LPF iliingia katika serikali ya Jan Peter Balkenende tarehe 22 Julai 2002, siku mbili baada ya mwili wa Fortuyn kuhamishwa kutoka Driehuis na kuzikwa upya Provesano, Italia. Chama hakikuwa na matawi, historia, wala utaratibu wa kumaliza ugomvi. Katibu wake mmoja wa dola, Philomena Bijlhout, alijiuzulu siku ileile ya kuapishwa kutokana na maisha yake ya zamani katika wanamgambo wa Surinam. Mawaziri wawili, Eduard Bomhoff na Herman Heinsbroek, walifikia hatua ya kushindwa kufanya kazi pamoja, na tarehe 16 Oktoba serikali ikaanguka, chini ya miezi mitatu tangu kuundwa. Uchaguzi wa Januari 2003 uliiachia LPF viti 8, ule wa 2006 haukuiachia hata kimoja, na mwaka 2008 chama kilivunjwa.

Somo hilo la muundo halikumpita Geert Wilders, aliyejitoa VVD mwaka 2004 na kuunda Chama cha Uhuru (PVV) mwaka 2006. Alirithi hoja ya Fortuyn kuhusu Uislamu na kuifanya kali zaidi, hadi kupendekeza Kurani ipigwe marufuku. Kwa upande wa chama, alifuata njia ambayo sheria ya Uholanzi iliiruhusu na ambayo hakuna chama kingine kikubwa cha nchi hiyo kilichoifuata: PVV, iliyopata viti 37 mwaka 2023 na kuwa ya kwanza bungeni, ilisajiliwa kama chama ambacho mwanachama wake ni Wilders peke yake.