Daftari Moja, Wapigaji Wengi: Ubao wa Matangazo wa Simu Unavyoanzishwa

Wananchi wa Lukuledi wilayani Masasi, na wenzao wa Newala, wanaofikiria kuanzisha ubao wa matangazo unaofikiwa kwa kupiga simu wanashauriwa kuanza na daftari kabla ya kununua mtambo. Vifaa hupatikana, ugumu uko katika kumbukumbu zinazosomwa na kuandikwa na watu wengi, hususan zinapohusu kilo za korosho.

Ubao wa aina hiyo ni kompyuta moja iliyounganishwa na simu ya mezani kupitia modemu, kifaa kinachogeuza maandishi kuwa milio ya simu na milio hiyo kuwa maandishi tena. Mwanachama hupiga namba, huingiza jina na neno la siri, husoma matangazo, huacha ujumbe wake, kisha hukata simu. Intaneti haihitajiki. Ubao wa kwanza kufunguliwa kwa umma ulianza Chicago, Marekani, Februari 1978, ukiwa kazi ya Ward Christensen na Randy Suess, wapenzi wa kompyuta waliotaka kurahisisha mawasiliano ya klabu yao. Kwa kasi ya biti 300 kwa sekunde, ukurasa wa herufi 1,800 ulichukua dakika nzima kufika.

Tanzania nayo iliipitia teknolojia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtandao wa HealthNet, uliokuwa na kituo Muhimbili, ulisafirisha barua na taarifa za kitabibu kwa utaratibu wa FidoNet, ambapo mtambo huhifadhi ujumbe na kuutuma kwa mkupuo mawasiliano yanapopatikana.

Laini moja hupokea mpigaji mmoja tu. Kero hiyo ndiyo kinga ya kanzidata, na tatizo huanza pale laini ya pili inapoongezwa. Tuseme mkulima ameandikiwa kilo 600. Karani wa kwanza anafungua kumbukumbu hiyo ili aongeze kilo 120. Kabla hajahifadhi, karani wa pili anaifungua naye, akaona zile zile 600, akaongeza 80. Wa kwanza anahifadhi 720, wa pili anahifadhi 680. Jumla sahihi ni 800, lakini daftari linasema 680, na kilo 120 zimepotea bila mtu yeyote kuiba. Dawa yake ni programu inayoifunga kumbukumbu kwa karani wa pili hadi wa kwanza amalize.

Iwapo Lukuledi na Newala zitakuwa na ubao wake kila moja, mitambo miwili inaweza kupigiana simu usiku na kulinganisha nakala. Hapo kufunga kumbukumbu hakutoshi, kwa kuwa kila upande una daftari lake. Kanuni iliyo salama ni kila kumbukumbu kuwa na ubao mmoja wenye mamlaka ya kuibadili, na mwingine kuisoma tu.

Simu ya mkononi haifai kwa kazi ya modemu, kwani mitambo yake hubana sauti kwa ajili ya usemi wa binadamu na kuiharibu milio hiyo. Mahali pasipo na simu ya waya, huduma ya ujumbe mfupi au menyu ya namba fupi hufanya kazi ileile, ingawa gharama na taratibu zake ni tofauti.

Modemu itakayonunuliwa iwe imethibitishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Aidha, orodha yenye majina, namba za simu na mavuno ya watu ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo kujisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuzitumia kwa lengo alilomweleza mhusika.

Ubao wa wapenzi wa kompyuta si kumbukumbu rasmi ya mauzo. Mkulima aendelee kutunza stakabadhi aliyopewa na chama chake cha msingi, na takwimu za ubao zikitofautiana nayo, atakwenda chamani na karatasi hiyo mkononi.