Masisi, «Uswisi ya Afrika»: milima ileile, mafunzo tofauti

Wageni wengi waliopita Masisi wameiita «Uswisi ya Afrika». Wanaona vilima vya kijani, ngombe kwenye miteremko, ukungu wa asubuhi, na fromaji ambayo wakaaji wa Goma na Kinshasa wanaijua vizuri. Lakini ukiuliza nani anapanda milima hiyo akiwa na bunduki, na baadaye anarudi wapi, nchi hizi mbili hazifanani tena.

Kule Uswisi, jeshi ni la raia. Kijana anafanya mafunzo ya kwanza ya majuma 18, kisha anarudi kwenye kazi yake. Baadaye anaitwa tena kwa muda wa karibu majuma matatu, mara kadhaa, mpaka amalize siku zake. Askari wa kawaida anatumikia siku 245 kwa jumla. Mwaka 2013 wananchi waliulizwa kwa kura kama utumishi huo wa lazima ufutwe. Asilimia 73 walikataa.

Na milima? Mwaka 1943, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, wanajeshi wa milimani walianzisha mashindano yanayoitwa Patrouille des Glaciers. Watu watatu wanafungana kamba na kuvuka theluji usiku kutoka Zermatt mpaka Verbier, kilomita zaidi ya 50. Mwaka 1949 kundi moja lilianguka ndani ya ufa wa barafu na wote watatu wakafa. Mashindano yakasimamishwa mpaka mwaka 1984. Leo jeshi ndilo linayaandaa bado, lakini raia wanaume na wanawake wanashiriki pia, na wengi wanakuja kwa furaha tu. Zoezi la vita limekuwa matembezi ya milimani.

Congo nayo ina askari wa akiba. Tarehe 3 Novemba 2022, Rais Félix Tshisekedi aliwaomba vijana wajiunge na jeshi na wajipange kulinda mitaa yao mbele ya M23. Mwaka 2023 sheria ikaunda akiba ya ulinzi, ili wenye kujitolea, wanaojulikana kama Wazalendo, wawe chini ya amri ya jeshi la taifa. Kwenye karatasi, wazo halina tofauti kubwa na la Uswisi: raia anafundishwa, analinda nchi, anarudi kwake.

Shida iko kwenye neno hilo la mwisho. Kijana wa Masisi hapandi kilima kwa majuma matatu. Wengi wanabaki huko, kwa sababu kijiji chao ndicho uwanja wa vita. Januari 2025 M23 iliingia Masisi-centre, na mwezi Machi ikafika mji wa Walikale kabla ya kuondoka humo mwanzoni mwa Aprili. Upande wa Omate, milima inajulikana kwa dhahabu yake, na dhahabu hiyo imevuta watu wenye silaha kwa miaka mingi. Mashirika ya haki za binadamu yamewalaumu pia baadhi ya Wazalendo kwa vizuizi njiani na kodi zisizo halali. Mwenye bunduki asiye na mshahara wala siku ya kurudi nyumbani anatafuta chakula barabarani, na anayelipa ni mama anayepeleka muhogo sokoni.

Kabla ya vita kurudi, watu wa Goma walipanda upande wa Mushaki kwa kupumzika: kuona ngombe, kununua fromaji, kupiga picha. Vilima hivyo vinatazama barabara ya Sake, na kwa hiyo vimepiganiwa mara nyingi. Mchungaji anayejua njia zote za pale sasa anauliza kwanza nani yuko juu.

Sheria ya mwaka 2023 inaweza kuhesabu walioingia katika akiba. Wakaaji wa Masisi na Walikale wanangojea hesabu nyingine: ni wangapi watakaoteremka, waache silaha, na wapande tena siku moja wakifuata ngombe zao.