Maji Yanayokula Meno ya Ndama na Mgongo wa Mfanyakazi



Katika mashamba makubwa mfanyakazi hupewa nyumba na maji. Nyumba huikagua, na paa likivuja hulalamika. Maji yakiwa meupe na baridi huyanywa bila kuuliza. Lakini maji safi machoni si lazima yawe salama. Katika Bonde la Ufa, kutoka Ethiopia kupitia Kenya hadi kaskazini ya Tanzania, visima vingi vina madini ya floraidi. Madini haya hutoka katika miamba ya volkano, na huwezi kuyaona wala kuyanusa majini.

Floraidi kidogo huzuia meno kuoza. Ikizidi hudhuru polepole. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwa mifugo hushauriwa isizidi 2.

Tuanze na ndama, maana mfugaji humwona kila siku. Jino la kudumu la ndama hujengwa ndani ya taya muda mrefu kabla ya kutokeza. Akinywa floraidi nyingi wakati huo, jino hutoka na madoa ya kahawia, ni dhaifu kama chaki, na hulika upesi. Ng'ombe kijana huwa na kinywa cha kikongwe. Hatafuni sawasawa, hukonda palipo na majani, na maziwa hupungua. Maji ya baridi humuuma meno, basi huyaramba badala ya kuyanywa. Baadaye mifupa hunenepa, vinundu hutokea miguuni na tayani, naye huchechemea.

Ng'ombe aliyeletwa akiwa mkubwa kutoka penye maji mazuri hapati madoa hayo, kwa kuwa meno yake yalikwisha jengwa. Lakini mifupa yake hukusanya floraidi mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo meno hueleza maji ya utotoni, na mifupa hueleza maji ya maisha yote.

Binadamu ni hivyo hivyo. Mtoto hupata madoa akinywa maji hayo kabla ya kufika miaka 8 hivi. Mtu mzima aliyehamia kutafuta kazi hubaki na meno meupe, akadhani amesalimika, kumbe mifupa inaendelea kuhesabu.

Hayo yaliwapata wenzetu wa Wonji, Ethiopia, katika bonde la mto Awash. Kampuni ya Kiholanzi ya HVA ilianzisha huko kiwanda cha sukari mwaka 1954, na wafanyakazi wa miwa wakanywa maji ya visima. Kazi nzito katika jua kali humfanya mtu anywe maji mengi, na floraidi nyingi pamoja nayo. Baada ya miaka zaidi ya 10 baadhi yao walikakamaa shingo na mgongo. Wengine mishipa ya fahamu ilibanwa na mifupa, miguu ikaishiwa nguvu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1987 ulionyesha kuwa zaidi ya watoto 80 katika kila 100 waliopimwa, waliokulia katika Bonde la Ufa, walikuwa na meno yenye madoa. Kiwanda kilitaifishwa mwaka 1975, lakini floraidi iliyokwisha ingia mifupani haijali mwenye mali ni nani.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua chunguni, floraidi iliyobaki huzidi ukali. Tena magadi tunayopikia maharage, au tunayowalambisha ng'ombe, mara nyingi yana floraidi. Penye maji mabaya, magadi huongeza mzigo.

Dawa ipo. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri karibu hayana floraidi kabisa. Ngurdoto karibu na Arusha, na huko Nakuru, wataalamu wametumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa ili kuchuja maji. Mfupa ule ule unaonasa floraidi mwilini huinasa na katika chujio. Ila chujio huchoka, na lazima libadilishwe kwa wakati.

Basi kila tawi lifanye haya. Kwanza, liombe uongozi wa shamba uonyeshe kwa maandishi kipimo cha floraidi cha kila kisima. Pili, kama hakuna kipimo, lidai maji yapimwe. Tatu, wajumbe watazame meno ya watoto na ndama waliozaliwa hapo, wayalinganishe na ya wale waliotoka nje. Mtu akisema madoa hayo ni ya ukoo, mwulizeni kama ndama nao ni wa ukoo huo. Nne, maji salama yaandikwe katika mapatano pamoja na mshahara.

Mgongo uliokwisha kakamaa haunyooki tena. Mshahara ukicheleweshwa tunaweza kuudai mwezi ujao. Mgongo hatuna pa kuudai. Kisima kipimwe sasa, watoto wangali wanaota meno.